Programu Iliyochelewa Kufunguka

Rahabu aliitoa laptopu kwenye kiondo, akafungua kitambaa cheupe alichokuwa ameifungia, akaniwekea mezani. "Mwalimu," akasema, "naambiwa wewe ndiye ulimfundisha Ndegwa hizi mambo." Nikamwambia hapana, hakuna aliyemfundisha mwenzake, tulifundishana. Akatikisa kichwa polepole, na kilemba chake hakikusogea hata kidogo. Tulikuwa tumemzika Ndegwa, mumewe, kule Mugutha wiki chache tu zilizopita. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na ua, mahali wanaposimama watu waliofanya kazi na marehemu zamani. Ngoma zilipigwa, nyimbo zikaimbwa, nikalia kiasi kile mtu wa kazini anaruhusiwa kulia, kisha nikarudi Thika nikalia kilichobaki. "Mtoto anaitaka kwa masomo," Rahabu akaendelea, "lakini ukiiwasha unaenda kuchemsha chai, unarudi, bado inafikiria. Kuna kitu ndani inaichelewesha. Hebu nitolee." Nikaiwasha. Ikawaka na sura ile nyepesi ambayo Ndegwa alikuwa akiipenda tangu ujana, kisha, kabla sijagusa chochote, kitu kingine kikaanza kufunguka chenyewe katikati ya kioo, kwa taabu, kikivuta pumzi. Nilikijua kabla hakijafika. Nikamwambia Rahabu, "Wacha nikuletee chai kwanza," maana uso wangu ulihitaji mahali pa kwenda.

Wengine hujua ujana wao ulikuwa wapi kwa sababu ya nyimbo. Mimi wangu uko juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Ruiru, orofa ya kwanza, katika chumba kilichonuka simiti na nywele zilizochomwa. Simiti ilitoka chini, nywele zilitoka saluni ya jirani, kwa sababu kati yetu na saluni kulikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Kompyuta zilikuwa za mitumba, zile zenye kisogo kikubwa nyuma ya kioo, na mwenye chumba, ambaye tulimwona kwa nadra kama mvua ya Januari, alikuwa ametuajiri wawili: mimi nifundishe watu kuchapa, Ndegwa azihudumie mashine. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na mdomo, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaa wa Kimbo ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Yeye alikuja kila siku kutoka Mugutha na baiskeli, amevaa kilemba cheupe, ndevu zake hazijawahi kuguswa na wembe, suruali imepigwa pasi hadi unaogopa kumkalia karibu. Asubuhi ya kwanza nilimnyooshea mkono. Akainua kiganja chake hewani, akatabasamu, akasema, "Amani kwako." Mkono wangu ukabaki pale unaning'inia. Ndivyo watu wa kanisa lao wanavyosalimiana, hawapeani mikono, lakini mimi sikujua, nikamwona ana madharau. Siku nzima nilimjibu kwa neno moja moja.

Ugomvi wetu wa kweli ulikuwa juu ya nyumba. Hilo ndilo neno tulilolitumia, tukawafundisha hata wanafunzi. Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta, ni shamba moja, lakini juu ya shamba hilo watu wamejenga nyumba za kila aina, na mwenye kompyuta anachagua ataishi ipi: menyu ikae wapi, madirisha yawe na rangi gani, vitu vifunguke vipi. KDE ni ghorofa yenye balkoni na taa za rangi. Xfce ni bedsita: kitanda, jiko, mlango, basi. Programu nazo, kila moja hujengwa ikitarajia nyumba fulani. Unaweza kuifungua katika nyumba nyingine, wala haikatai, ila inakuja na vyombo vyake vyote, sufuria zake, mapazia yake, hata mwiko. Ndiyo sababu inachelewa mlangoni, na ikishaingia unaiona tu kwamba hii si ya hapa. Mashine zetu zilikuwa dhaifu, kwa hivyo Ndegwa aliziweka zote kwenye bedsita. Alikuwa na haki. Lakini programu ya kufundisha kuchapa niliyoitaka mimi, ile iliyokuonyesha kidole gani kiende kwa herufi gani, na iliyokuruhusu uandike masomo yako mwenyewe, ilikuwa ya ghorofani.

"Shiru, hii kitu yako inakula memori ya mashine yote."

"Haili. Inaonja tu."

"Inakuja na ukoo mzima!"

"Si ni mgeni? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Huyu mwenyeji atapona aje na ameachiwa sakafu?"

Tulibishana hivyo mvua zote za masika. Yeye alikuwa anaitoa, mimi naingia mapema naiweka tena. Masomo niliyaandika mimi mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu yale yaliyokuja nayo yalikuwa ya Kiingereza juu ya mbweha na mbwa, na wanafunzi wangu walikuwa wauza nguo na makarani ambao hawakuwa na haja na mbweha. Niliandika vitu vya pale pale, vya majirani zetu. *Mama Kevo ameweka tangawizi nyingi kuliko maziwa.* *Dada wa saluni amechoma sikio la mteja.* Na siku moja, baada ya kuikuta imetolewa tena, niliandika somo la tano likawa na sentensi moja tu, irudiwe hadi mwanafunzi achoke: *Ndegwa hapendi wageni.* Chumba kizima kiliichapa huku kikicheka, na Ndegwa akiwa chini ya meza anafunga nyaya. Akatoka na vumbi kwenye ndevu, akatazama vioo vyote, akasema, "Haiya. Sasa nimekuwa somo." Lakini hakuitoa tena.

Mama Kevo aliuza chakula chini ya ngazi zetu, na saa ya chakula alituletea chapati na madondo, yale maharagwe yake, kwenye sahani moja iliyofunikwa na nyingine. Nasema moja kwa sababu alikataa kabisa kuleta mbili. "Nyinyi mnagombana kama watu wa nyumba moja," alisema, "muoshe sahani moja." Tulikaa pande mbili za kibodi, sahani katikati, tukila kutoka kingo hadi tukakutana na mchuzi. Na upande wa pili wa plaiwudi saluni ilikuwa inatujadili, kwa sauti ya watu waliozoea kushindana na mashine ya kukausha nywele. "Huyo msichana wa kompyuta atavishwa kilemba, nakwambia." "Ai, yule? Na ule mdomo? Kilemba kitaruka chenyewe." "Basi huyo kijana ndiye atakivua chake." "Kivuliwe kiende wapi, na mama yake yuko?" Mimi na Ndegwa tuliendelea kutafuna, kila mmoja akiangalia madondo yake kana kwamba yana maandishi. Mimi nilikuwa nimeshampenda, wacha niseme wazi, sina umri wa kuzungukazunguka. Nilimpenda kwa sababu alisikiliza mashine kabla ya kuifungua, akiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua. Nilimpenda kwa sababu alinibishia bila kuniinulia sauti. Sijui yeye alianza lini, hakuwahi kuniambia.

Kisha akabomoa nyumba zote. Diski zilikuwa zimejaa, akaamua kuzisafisha. Akatafuta kitu kidogo alichodhani ni cha ghorofani peke yake, kimebaki tu kinakula nafasi, akaagiza kitolewe. Kompyuta ya Linux ina adabu: kabla ya kutoa kitu inakupa orodha ya vyote vitakavyoondoka nacho, halafu inakuuliza kama uendelee. Ukikubali unabonyeza Y. Ndegwa akabonyeza Y. Akahamia mashine ya pili, akabonyeza Y, na ya tatu, hadi mwisho wa chumba, bila kuwasha upya hata moja aone. Kumbe nyumba zote mbili zilikuwa zimeegemea kile kitu kidogo. Nilipofika asubuhi, wanafunzi wameketi mbele ya vioo vyeusi vyenye herufi nyeupe juu kwenye kona, na yeye amesimama katikati ya chumba, mikono miwili juu ya kilemba.

"Shiru, nimebomoa."

"Umebomoa gani?"

"Zote."

"Ndegwa! Hukusoma orodha?"

"Nilisoma ya kwanza. Nusu." Akameza mate. "Hiyo Y nimeizoea. Inaniuliza, nasema ndiyo. Ni kama amina."

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Ukuta wa plaiwudi ukauliza kuna nini huko. Niliwatangazia wanafunzi kwamba leo tutaiona Linux kabla haijavaa nguo, nikawafundisha kwenye giza lile lile kuandika amri, na baadhi yao walisema baadaye kwamba ndiyo siku waliyoelewa kitu. Wao walipoenda, tukabaki kujenga. Tulikuwa na CD moja yenye mkwaruzo, tukaizungusha mashine hadi mashine, na katika kupokezana ile CD vidole vyake viligusa vyangu, akaviacha pale muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akageuka kushughulikia kibodi. Kitu cha kwanza alichorudisha, hata kabla ya kuweka saa sawa, kilikuwa programu yangu ya kuchapa. Nikajifanya sijaona. Niliogopa nikisema ataona haya aitoe.

Na siku hiyo ndiyo tulijifunza, yeye na mimi, vile mgeni hutolewa bila nyumba kuanguka. Tulifanya jaribio kwenye mashine moja mbovu. Yeye alisoma orodha kwa sauti, jina kwa jina, nami nilijibu. Kikiwa ni chombo kilichokuja na programu yangu, nilisema, "Cha mgeni." Kikiwa kimeegemewa na bedsita, "Cha nyumba!" na yeye anainua mikono juu asiguse. Tulicheza hivyo hadi tukaweza kuitoa yote safi, na nyumba ikawaka kama kawaida. "Kumbe inawezekana," Ndegwa akasema. "Inawezekana," nikamwambia, "ukisoma." Akairudisha hapo hapo, akafungua somo la tano, akachapa sentensi yangu kwa vidole viwili vile vyake vya fundi, akikosea kila neno.

Mwezi wa Agosti alinipeleka kwao. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya mbao, imefagiliwa hadi udongo wa nje una alama za ufagio, na nilivua viatu mlangoni. Mama akainua kiganja, nami safari hii nikainua changu, akafurahi. "Wanjiru," akasema, akinipa jina langu zima, "habari zako nimezisikia hadi zimenichosha masikio. Kaa ule." Kulikuwa na njahi, yale maharagwe meusi, zilizopondwa na ndizi mbivu, na uji mchachu kwenye kibuyu, na hakuna aliyezungumza juu ya chochote hadi nilipomaliza sahani ya pili, kwa kuwa kumuuliza mtu maswali akiwa na njaa ni ukatili. Kisha mama akafuta mikono na leso. "Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Ningekuwa nalo ningelisema kabla sijakupikia. Lakini huku kwetu mtu haingii nusu. Ukija, unakuja na kichwa chote." Nilielewa: kanisa, kilemba, nguo nyeupe, Jumapili zangu zote. Nilikuwa na mdomo, nimeshasema. Nikamuuliza, "Mami, na nikija vile nilivyo? Nikae hapa, niwapende, niende kanisani kwangu, nirudi nipike?"

Alicheka kwanza. Halafu machozi yakamtoka hata kabla kicheko hakijaisha, na hakuyafuta. "Mtoto wa watu," akasema, "mimi nilipoolewa niliacha dada zangu wote. Sikujua kama mtu anaweza kuuliza." Akaniongezea uji. Ndegwa alikuwa ameangalia miguu yake mitupu wakati wote ule. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimekaa katika vikao vingi vya harusi, na sijawahi tena kusikia mtu akisema ukweli mzito namna ile huku ameshika kata ya uji.

Ndegwa alinisindikiza, akisukuma baiskeli kati yetu. "Kwa mashine umenionyesha inawezekana kutoa kitu bila kubomoa," akasema. "Kwa mama sijui nianzie wapi."

"Mimi sikuombi ukivue kilemba."

"Najua."

"Nawe usiniombe nikivae."

"Siwezi kukuomba. Ukikivaa kwa sababu yangu, kila siku nitakuwa nakuona umeshika pumzi."

"Sasa?"

Baiskeli ilikuwa inalia tik tik tik. "Sasa mama ni mmoja," akasema. "Nikimtoa mama, Shiru, sijui nini kingine kitatoka naye." Nilitaka kumwambia asome orodha, jina kwa jina, tutaisoma pamoja. Lakini binadamu haonyeshi orodha. Tulifika barabarani tukasimama pale hadi nikaona aibu ya kusimama.

Hakuna aliyemkosea mwenzake, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Ukiwa na wa kulaumu unamlaumu, unapona. Sisi tuliendelea kufanya kazi hadi mwisho wa mwaka, tukila kwenye sahani moja, saluni ikiwa imenyamaza kwa heshima, na hiyo heshima yao ilikuwa mbaya kuliko umbea. Mwenye chumba aliamua kukigeuza duka la simu. Tulipakia mashine, tukafagia, tukashuka ngazi. Pale chini, mbele ya mifuko ya simiti, mbele ya Mama Kevo, wakati watu wa kanisa lao wakipita upande wa pili wa barabara na vilemba vyao, Ndegwa alinyoosha mkono. Mwaka mzima alikuwa ameniinulia kiganja, na siku hiyo aliunyoosha, nikaupokea. Ulikuwa baridi na una vumbi la kompyuta. Mama Kevo akageukia sufuria zake. "Haya, Shiru," Ndegwa akasema. "Haya," nikasema. Mimi, mwenye mdomo wote ule, hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo.

Baadaye mimi niliolewa Thika na mtu mwema, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Naye akaoa Rahabu. Tulionana mara chache sokoni Ruiru, tukainuliana viganja kutoka mbali, tukaulizana kuhusu watoto.

Niliporudi na chai, programu ilikuwa imemaliza kufunguka. Vifungo vyake vya rangi ya ghorofani vilikuwa vimekaa kwenye ile bedsita kama zamani. Somo la tano. *Ndegwa hapendi wageni.* Rahabu alikuwa ameiinamia anaisoma. "Hii ndiyo hiyo," akasema. "Kila asubuhi kabla ya kazi lazima aichape. Ati anazoesha vidole. Sasa mwalimu, mtu ambaye amechapa miaka yote hiyo, vidole anavizoesha nini?" Akanywa chai kidogo. "Nilimwambia aitoe, inachelewesha mashine. Akasema haitoki. Ikitoka itatoka na nyumba yote."

Nilishika kikombe changu kwa mikono yote miwili. Katika dunia hii walikuwa watu wawili tu waliojua kwamba hiyo si kweli, na mmoja tulikuwa tumemzika. Alijua. Alijua kuliko mtu yeyote jinsi ya kuitoa bila kutingisha hata dirisha. Kila laptopu mpya aliyoipata, aliiweka tena, kwa mkono wake, na masomo yangu ndani.

"Ni kweli, mwalimu?" Rahabu akauliza. "Itabomoka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angenishukuru, angeifunga kwa kitambaa, angeenda nayo nyumbani kama ilivyo, na mimi ningebaki mle ndani, nikichelewesha masomo ya mtoto wake. Nilimwangalia yule mwanamke, macho yake yamevimba chini ya kilemba kisafi, amekuja kutoka Mugutha na laptopu kwenye kiondo kwa sababu ananiamini.

"Haibomoki," nikamwambia. "Alikuwa anaogopa tu. Zamani aliwahi kubomoa."

Nikaandika amri. Orodha ikashuka, ndefu. Nikaanza kuisoma jina kwa jina, na sikujua kama nasema kwa sauti hadi Rahabu aliposogea karibu. Cha mgeni. Cha mgeni. Cha mgeni.

"Unasema nini, mwalimu?"

"Nahakikisha sigusi cha nyumba."

"Asante," akasema. "Mungu akubariki."

Nilisoma hadi mwisho. Hakukuwa na cha nyumba hata kimoja. Nikabonyeza Y.

Tuliizima, tukaiwasha. Iliwaka kabla hajamaliza chai yake. "Haiya! Inakimbia!" Rahabu akasema, akacheka, akashika mdomo wake kana kwamba amekosea kucheka mapema hivyo. Akaifunga laptopu kwa kitambaa, akaitia kwenye kiondo. Mlangoni akainua kiganja, nami nikainua changu. Nikaosha vikombe. Nikakaa mbele ya kompyuta yangu mwenyewe, nikafungua ukurasa mtupu, nikachapa ile sentensi, tena na tena hadi chini ya ukurasa, na vidole vyangu havikukosea hata herufi moja.